Mkono wa Gaspari

Fundi wangu wa hapa Mwanza hana subira. Tangu asubuhi ananitumia picha kwenye simu, mkono wa kwanza, mkono wa pili, mkono wa tatu, na chini ya kila picha ameandika, "Mama, chagua basi." Si mikono ya watu, msishtuke. Ni mikono ya gramafoni, ile inayobeba sindano juu ya santuri. Gramafoni yenyewe ilikuwa ya babu yangu, na iko kwa fundi tangu tulipotoka Ngara kumzika bibi. Jana nilipita kuiangalia, nikafanya ujinga wa kufungua kifuniko na kuingiza pua. Vumbi jekundu la kwetu, mafuta ya taa, na ile dawa ya nondo ambayo bibi alikuwa anatia kila mahali, hata kwenye kikopo cha rozari. Nikasimama pale dukani nalia kama mtoto aliyenyimwa andazi, na kijana wa watu akadhani nimeshtushwa na bei.

Mikono yote mitatu ni mizuri. Mmoja unang'aa, mmoja mweusi, mmoja mwembamba kama mguu wa korongo. Fundi anataka nichague kwa macho. Hajui kwamba nilifundishwa kuchagua mkono wa gramafoni nikiwa sijaota meno ya ukubwani, na nilifundishwa na mtu ambaye kwa kazi hiyo hakutumia macho kabisa.

Nililelewa na bibi yangu, Melania, kule Nyamiaga, Ngara, kwa sababu baba na mama walikuwa wanafanya kazi Biharamulo na kule hapakuwa na wa kunitazama. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na Baba mdogo Fidelis, mdogo wake baba, kijana mwenye baiskeli, redio kubwa na mdomo mkubwa kuliko redio. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Lakini alikuwepo. Alikuwa kwenye santuri.

Babu alikuwa kiongozi wa kwaya ya parokia, na enzi za ujana wao kwaya hiyo ilisafirishwa mbali, ikarekodi nyimbo mbili, mmoja upande mmoja wa santuri na mwingine upande wa pili. Kila mwanakwaya alipewa santuri moja. Babu akauza mbuzi akanunua gramafoni ya kutumia mawe ya redio, yaani betri, ile ya kisanduku, yenye spika kwenye kifuniko. Katika wimbo wa upande wa kwanza kuna mahali wenzake wote wananyamaza, sauti ya babu inabaki peke yake, inapanda, inakaa kule juu, kisha inashuka polepole mpaka wenzake wanaipokea. Bibi alikuwa anasubiri mahali hapo. Awe anamenya ndizi, awe anapepeta mtama, wimbo ukikaribia pale mikono yake ilikuwa inasimama yenyewe.

Santuri ilikuwa imechoka. Sindano ilikuwa inaruka, na juu ya sauti za wanakwaya kulikuwa na kwaru-kwaru nyingi. Kila nyumba yenye gramafoni siku zile ilikuwa na dawa moja ya ugonjwa huo, nadhani mnaikumbuka: unaweka sarafu juu ya mkono ili uzito wake uikandamize sindano isiruke. Bibi alikuwa na sarafu yake ya kazi hiyo, kubwa, nzito, ya zamani, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Anafungua pindo, anaiweka juu ya mkono kwa vidole viwili, na babu anaanza kuimba.

Mimi nilijua kabisa ile sarafu ni ya nini. Kanisani watu wanatoa sadaka na kwaya inaimba. Nyumbani bibi anatoa sadaka na babu anaimba. Nani asiyeelewa hapo? Na zile kwaru-kwaru nilijua pia ni nini. Babu alikuwa na kikohozi. Siku moja nilimwambia bibi, kwa uchungu mtupu, kwamba badala ya kumwimbisha mgonjwa kila wiki afadhali tumpeleke babu hospitali ya Biharamulo, baba yuko kule atampokea. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Sikuona cha kuchekesha.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto, upande wa pili wa mpaka. Sitaki kuwasimulia mambo mliyoyaona wenyewe: barabara ilivyojaa watu na magodoro vichwani, malori, moshi wa mioto mingi kila jioni, miti iliyokuwepo Jumapili na Jumapili iliyofuata haipo. Kwetu watu walilalamika. Kuni zilienda mbali, ndizi ziliibwa shambani, kisima kikawa na foleni. Ila tusidanganyane, tulikuwa tunalalamika asubuhi na mchana tunakwenda kununua mafuta na unga kambini, kwa sababu soko la kambi lilikuwa limelimeza soko la Ngara mjini. Lugha yao na Kihangaza chetu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hata kugombana tulikuwa tunagombana vizuri.

Wengine walikuja kutafuta vibarua mashambani. Ndivyo alivyofika Gaspari. Alikuwa mrefu, mkimya, na alilima maharage ya bibi akiwa amevaa koti la suti, kwa sababu, alisema, akiliacha kambini hatalikuta. Alilima vizuri. Bibi alimpenda kwa sababu hakukata mizizi ya migomba.

Siku ya kumbukumbu ya babu bibi alitoa gramafoni, akaiweka mezani, akafungua pindo, akaweka sarafu. Kwaya ikaanza. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamwona Gaspari shambani anasimamisha jembe. Akasikiliza huku amekunja uso. Kisha akaja mbio, akavua viatu nje, akaingia na udongo wake miguuni.

"Mama, nisamehe. Ondoa sindano."

"Kuna nini?" bibi akauliza. Zilikuwa zimebaki sekunde chache babu abaki peke yake.

"Iondoe kwanza, mama, nakuomba."

Hakungoja. Akauinua mkono mwenyewe, sarafu ikaanguka ikabingirika chini ya kabati. Akapitisha kidole chini ya sindano, akatuonyesha. Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na unga mweusi, kidogo tu, kama masizi ya sufuria.

"Unga wa nini huo?" Baba mdogo akauliza.

Gaspari akanyoosha kidole kwenye santuri. "Wa huyu anayeimba. Sauti imechorwa kwenye hii mistari. Mkono huu ni mzito, na sarafu juu yake, sindano inalima badala ya kupita. Mama, kila ukimsikiliza, unamla kidogo."

Sijawahi kumwona bibi na uso ule. Alimwambia Gaspari arudi kwenye maharage yake, alimpelekea chakula bila kukaa naye. Fikirini: mwanamke amemlilia mume miaka yote, kitu pekee kilichobaki cha mtu huyo ni kile kipande cha wimbo, halafu anaambiwa kwamba anayekimaliza ni yeye mwenyewe, kwa upendo wake. Mimi nilikuwa chini ya kabati natafuta sarafu. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba babu ameimba nusu hajalipwa.

Jioni bibi alimwita Gaspari kabla hajaondoka.

"Ataisha lini?"

"Ukiendelea hivi, hafiki mbali, mama. Pale anapobaki peke yake ndipo pameliwa zaidi. Nadhani unaparudia."

"Naparudia," bibi akasema.

"Sasa tufanyeje?" Baba mdogo akadakia. "Tumsikilize kwa macho?"

"Tutafute mkono mwingine," Gaspari akasema. "Mwepesi. Mimi nilikuwa napiga muziki kwenye harusi kule kwetu. Santuri zangu zingine zilikuwa na umri wa mama, na zilikuwa hazikohoi."

Zilikuwa hazikohoi! Nilimpenda mtu yule palepale. Mtu mzima wa kwanza kukubali kwamba babu ana kikohozi.

Siku ya soko tukaenda kambini. Baba mdogo alinipakia mbele ya baiskeli na bibi nyuma, na kwenye kila mlima tulishuka tukaisukuma huku yeye akitulaumu kwa uzito wetu. Gaspari alitungoja kwenye mtaa wa vyombo vya redio. Mama mmoja alikuwa ametandaza turubai, na juu yake spika zilizopasuka, nyaya, vifungo, matumbo ya redio za kila kabila. Mikono ya gramafoni ilikuwa miwili.

Wa kwanza ulikuwa mnene, wa chuma, unang'aa kama rimu ya baiskeli mpya. Baba mdogo aliudaka kabla ya mtu yeyote.

"Huu! Huu ndio mkono wa mwanaume. Babu mwenyewe angeuona huu angeimba nyimbo zote mbili kwa pamoja."

Gaspari hakubishana naye. Alinishika mkono, akaufungua, akalaza ncha ya ule mkono wa chuma, pale panapokaa sindano, juu ya ukucha wa dole gumba langu.

"Fumba macho. Unasikiaje?"

"Kama kuku amenikanyaga."

"Haya, Odilia. Na huu?"

Wa pili ulikuwa wa plastiki nyeupe, umepauka. Nikafumba tena. "Kama nzi."

Bibi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Basi tuchukue nzi."

Lakini Gaspari aliutikisa ule mkono mweupe, nao ukacheza huku na huku kwenye shingo yake. "Mwepesi ni mwepesi, mama, ila ni mlevi. Utakuwa unamkwangua ubavuni."

"Mlevi mwepesi si afadhali kuliko mlevi mnene?" bibi akasema, na yule mwenye turubai akacheka mpaka wateja wa jirani wakageuka. Gaspari peke yake hakucheka. Alisimama ameushika mkono mweupe, anautazama, anamtazama bibi. Halafu akasema tumsubiri, au tuje tu, kwake si mbali.

Kwake kulikuwa na kibanda cha turubai na fito, safi, kimefagiliwa mpaka nje. Mkewe, Konsolata, alitukaribisha uji. Nikaamkia, "Shikamoo," akanipa kikombe kabla hajamaliza kuitikia marahaba. Gaspari aliingia ndani, tukamsikia anafungua kitu. Konsolata akageuza shingo.

"Gaspari. Hata huo?"

Alitoka na kifurushi cha kitambaa cha kichwa cha mkewe. Ndani kulikuwa na mkono mwembamba, wa fedha iliyofifia, una kizito kidogo cha kuzungusha huku nyuma na sindano imefunikwa kwa kipande cha sponji. Akakifungua taratibu, kama mama anavyomfunua mtoto aliyelala.

"Watu walikimbia na magodoro," Konsolata akatuambia. "Mimi nilibeba mtoto na sufuria. Mume wangu alikuwa na bisibisi, anafungua mkono. Risasi zinalia, yeye anafungua skrubu!"

"Boksi lilikuwa zito," Gaspari akajitetea. "Nililizungushia nailoni na santuri zangu, nikalifukia nyuma ya zizi. Nikasema, nikibaki na mkono, gramafoni bado ni yangu. Siku nikirudi ni kuunganisha tu."

Akauchukua ukucha wangu. Nikafumba macho. Nikangoja.

"Umeshauweka?" nikauliza.

Wakacheka wote. Alikuwa ameuweka zamani.

Bibi hakucheka. Alisema huo hawezi kuuchukua, mtu hachukui tumaini la mwenzake akaliweka mezani kwake. Gaspari akasema hauzi. Anamwazima. Tena bibi ndiye atakayekuwa anamsaidia, kwa sababu kambini mvua inaingia mpaka kwenye uji na chuma kinaota kutu. Siku ya kurudi kwao ataupitia.

"Nguo ya kuazima," Baba mdogo akaanza, macho yanacheka.

"Malizia uone," bibi akamwambia, na hakumalizia.

Kazi ya kuufunga Gaspari aliifanya uani kwetu. Mkono wa zamani aliuacha mahali pake, akaupeleka tu pembeni, na kwa huu mpya akatoboa tundu lingine kwa msumari uliochomwa kwenye makaa. Nakumbuka harufu ya ubao unaoungua. Akaunga nyaya nyembamba kuliko nywele, akazungusha kile kizito cha nyuma, akapima kwenye ukucha wangu, akazungusha tena. Alipomaliza, bibi akafungua pindo kutoa sarafu. Gaspari akamzuia, akaichukua, akaniwekea mimi kiganjani.

Sasa babu ataimbaje? Kwa nini aimbe?

Na akaimba. Enyi watu, aliimba bure! Kwaya ilitoka kama imetoka kuoga. Kwaru-kwaru hazikuisha zote, lakini zilikuwa mbali, kama mvua ya kijiji cha pili. Na alipobaki peke yake, akapanda, akakaa kule juu, nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: pumzi. Babu alivuta pumzi kabla ya kushuka. Bibi alishika meza kwa mikono miwili.

"Babu amepona!" nikapiga kelele. Hakuna aliyenisahihisha.

Baada ya hapo Gaspari na Konsolata walikuwa wanakuja Jumapili baada ya misa, na bibi alikuwa anaruhusu wimbo mara moja tu, hata Baba mdogo aombe vipi. Huyo Baba mdogo alijaribu kuuhamishia kwenye kaseti kwa redio yake. Kilichorekodiwa vizuri ni jogoo, na jirani anayebisha hodi akitafuta jembe lake. Bibi akasema asirudie upuuzi huo, akamchinja yule jogoo Krismasi.

Halafu siku ikafika. Wakimbizi walikuwa wanarudi ng'ambo ya mto. Wengine walikuwa na furaha, wengine walikuwa na hofu, wengi walikuwa na vyote viwili. Gaspari alikuja akiwa na lile koti lake, amelifua. Nilijua amekuja kwa ajili ya mkono, nikaenda kukaa mbele ya meza, kabisa, nimekunja mikono.

Lakini alisema hakuja kuuchukua.

"Baki nao, mama. Huko ninakokwenda sijui kama kuna nyumba. Sijui kama kuna zizi, achilia mbali kilichofukiwa nyuma ya zizi. Mkono bila boksi ni chuma tu. Hapa una kazi."

Nikamtazama bibi. Sema ndiyo, nikawaza. Sema asante, yamekwisha. Bibi akainuka akaenda kwenye gramafoni.

"Nipe bisibisi, Fidelis."

"Mama," Gaspari akasema.

"Sikiliza, Gaspari. Ukienda mikono mitupu utafika pale utasimama barabarani, utaangalia, utasema, ah, hakuna kitu, na utageuka. Nakujua. Ukiwa na huu mfukoni, utachimba." Skrubu ya kwanza ilikuwa imeshatoka. "Nenda ukachimbe. Usipolikuta boksi, nirudishie mkono. Ukilikuta, baki nao, Mungu asifiwe."

Akaufunga kwenye kile kitambaa cha Konsolata, akauweka kwenye kikapu chake chenye mfuniko, alichokisuka mwenyewe kwa nyasi, akajazia mahindi ya mbegu juu. Gaspari alikipokea kwa mikono miwili. Kwetu mnajua ilivyo: kikapu cha mtu hakibaki ugenini, na hakirudi kitupu. Kwa hiyo mimi nilijua jambo moja la hakika, kwamba kikapu kitarudi. Na kwa akili yangu, kikirudi, kitarudi na mkono wetu.

Bibi aliifunga santuri kwenye kanga, akaiweka chini ya nguo zake sandukuni. Mkono wa zamani ulikuwepo, sarafu ilikuwepo, ningemrudishia hata mara hiyo. Hakuigusa. "Simli tena," alisema.

Nikaanza kungoja. Kila mtu aliyetokea upande wa mpakani akiwa na mzigo kichwani nilimkimbilia. Na kila jioni, baada ya rozari, nilikuwa naongeza ombi langu kimoyomoyo: Bwana, rudisha mkono. Jioni moja nikamsikia bibi anaongeza la kwake, kwa sauti ya chini, amefumba macho kabisa.

"Na ule mkono, Bwana, usirudi."

Nilikasirika kiasi cha kukosa usingizi. Nilijua maana yake. Bibi amemchoka babu. Ndiyo maana alimtoa mkono kwa haraka vile, ndiyo maana amemfungia sandukuni. Sikumwambia mtu. Nilichofanya ni kuomba kwa nguvu zaidi, na Mungu akawa na kazi siku hizo, maombi mawili kutoka nyumba moja, kila moja linavuta kwake.

Tulivuna, tukapanda, tukavuna tena. Ndipo mchana mmoja mama mchuuzi kutoka ng'ambo akapiga hodi, kichwani ana mizigo yake ya kuuza, na juu ya mizigo kikapu cha bibi. Nilikifahamu kwa mfuniko. Alisema amepewa na mtu aliyepewa na mtu, kifike kwa Mama Melania wa Nyamiaga, basi, yeye hajui zaidi.

Nilimpokonya. Nikafungua mfuniko: maharage. Ya mistari ya zambarau, aina ambayo kwetu haikuwepo. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikapekua chini, pembeni, chini tena. Nikamwaga yote kwenye mkeka. Maharage matupu.

"Bibi, wametuibia! Mkono haumo!"

Bibi alitoka jikoni na unga mikononi. Akapiga magoti kwenye mkeka, akayapapasa yale maharage, akageuza kikapu, akatazama ndani kama anatazama kisimani.

"Haumo?"

"Haumo!"

"Haumo kabisa?"

Na bibi yangu, mjane, mtu wa heshima zake, mwana shirika wa parokia, akapiga kigelegele kilichoruka mpaka kwa majirani. Akapiga cha pili. Watu wakaja wanakimbia wakidhani Baba mdogo hatimaye ameleta mchumba. "Haumo!" bibi alikuwa anawaambia, anacheza, unga unaruka kwenye vidole. "Odilia ametafuta mpaka chini, haumo!" Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya maharage nalia kwa sauti yangu yote.

Watu walipotawanyika alinipakata, ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa.

"Kama nyumba yake ingekuwa imepotea, mkono ungekuwa humu. Umeelewa? Gaspari amechimba. Amekuta. Haya maharage ni ya shamba lake mwenyewe. Sasa hivi yuko uani kwake na Konsolata wanasikiliza muziki."

"Na babu?"

Akanifuta machozi. "Babu yako ana subira. Alimsubiri baba yangu mpaka mzee akachoka kumkataa."

Hapo ndipo ombi lake likaniingia, na aibu ikanifika masikioni. Kumbe kila jioni alikuwa anaomba asimsikie mume wake tena, ili mtu mwingine afike kwao. Na alikuwa anaomba kwa moyo wote, mimi ni shahidi, nilikuwa nashindana naye.

Yale maharage aliyapanda. Yapo mpaka leo Nyamiaga, majirani wanayaita maharage ya kikapu, na mzigo wangu wa mwisho kutoka nyumbani ulikuwa na gunia lake dogo. Mkono mwepesi mwingine hatukuupata. Baba mdogo alitafuta Biharamulo, akaleta minene ya kung'aa, tukaipima kwenye ukucha wangu, kuku watupu. Kisha kaseti zikatawala na watu wakaacha kuuza vitu hivyo. Bibi hakulalamika. Kile kipande cha babu peke yake alikuwa anakiimba mwenyewe akimenya ndizi, na alikuwa anavuta pumzi palepale babu alipovuta.

Basi leo mchana nilikwenda dukani kwa fundi. Nikamwambia aweke simu chini alete mikono yenyewe. Akaileta mitatu, na kimizani kidogo cha umeme cha kupimia uzito wa sindano, akaanza kunisomea. Nikaweka dole gumba mezani.

"Ilaze hapa juu ya ukucha. Mmoja mmoja."

Alinitazama kama mtu anayefikiria kumpigia simu mume wangu. Lakini alifanya. Nikafumba macho. Wa kwanza nzi. Wa pili nzi. Wa tatu, ule mguu wa korongo, nikangoja, nikangoja, nikauliza kama ameshauweka.

"Muda mrefu, mama."

"Huohuo."

Akaufunga pale ulipokuwa ule mkono wa zamani. Nikatoa santuri kwenye kanga ya bibi, akaifuta, akashusha sindano. Kwaya ikaingia. Duka lilikuwa limejaa kelele za barabarani na bado nilisikia wenzake wanavyonyamaza mmoja mmoja, na babu akabaki peke yake, akapanda, akakaa, akavuta pumzi. Alikuwepo wote. Hakuna aliyemla tena tangu siku ile.

Fundi alikuwa ameinama anapapasa ubao. "Mama, hapa pana tundu lingine, limechomwachomwa, la mkono mwingine. Nikuzibie? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Huo si ufa, baba," nikamwambia. "Liache wazi. Lina mwenyewe, na mwenyewe alishafika kwao."